Msonobari wa Eemeli

Jumamosi ile Pihla ndiye aliyetangulia kuingia sauna, kibanda cha kuogea kwa mvuke, lakini alikuta benchi la juu limeshakaliwa. Mtu hakuwepo. Palikuwa na maji tu, yameulowesha ubao pale ambapo mtu mnene angeweka makalio yake, na pembeni kulikuwa na alama mbili za viganja. Moto aliuwasha yeye mwenyewe. Ndoo aliijaza yeye mwenyewe. Akajiambia paa linavuja, ingawa mvua ilikuwa haijanyesha wiki nzima, akakaa upande wa pili na kuoga harakaharaka.

Alipotoka alimkuta Bibi Hilja, mwenye nyumba, kibarazani anamenya viazi.

"Umeoga upesi leo," bibi akasema.

"Joto lilizidi, Bibi."

Bibi Hilja akaitazama sauna, akaitazama barabara, akarudi kwenye viazi vyake. Yakaishia hapo. Watu wa Kainuu, mkoa huo wa misitu ya kaskazini, ndivyo walivyo, maneno kwao ni ya akiba, na majirani wanaweza kuzeeka pamoja wakizungumzia mvua na mbu tu. Wanajisifia tabia hiyo. Sijui wanajisifia nini, kwa sababu mkasa huu wote umezaliwa na tabia hiyohiyo.

Pihla alikuwa mwanafunzi wa misitu, ametoka chuoni Joensuu kuja kufanya mafunzo ya vitendo majira ya kiangazi katika kampuni moja ya mbao. Kampuni ilikuwa inakata msitu wa Bibi Hilja, ikampangia chumba humohumo kwa bibi, na kazi yake ilikuwa kufunga tepe kwenye miti: utepe huu mwisho wa eneo, utepe ule mti usikatwe. Dereva wa mashine huzifuata tepe hizo bila kuuliza. Msimamizi wake, Jouko, alikuwa amemwambia kwamba akimaliza vizuri mwakani ataajiriwa moja kwa moja, na binti huyo alikuwa anaitaka kazi hiyo kuliko kitu kingine chochote.

Siku aliyomkabidhi eneo la kwanza la peke yake, Jouko alisema, "Kuna msonobari kwenye kona ya barabara ya kwenda kanisani. Bibi anataka ubaki."

"Kwa nini?"

"Hakusema. Na mimi sikumuuliza, mambo ya mtu na shamba lake."

Pihla akauendea. Ulikuwa msonobari mkubwa uliosimama peke yake, matawi ya chini yamekatwa zamani, na shina lina kovu pana lililovimba utomvu. Akauzunguka mara mbili. Vitabu vyake vilisema miti ya kubakiza iachwe kwa makundi, maana mti mmoja ukiachwa peke yake upepo utauangusha, na huu ungeangukia nyaya za umeme. Basi akaufungua utepe wa kubakiza aliokuwa ameufunga Jouko, akaufunga kwenye kundi zuri la miti ya magome meupe penye mtaro. Akaona amemfanyia bibi hisani. Jioni walikula pamoja viazi na samaki wadogo wa ziwani, hakumwambia, na bibi hakuuliza. Alhamisi mashine ikapita kwenye kona, ikaukumbatia msonobari, ikaukata na kuulaza chini kabla hujamaliza kupiga chafya.

Jumamosi ndiyo benchi likakutwa limelowa.

Nyie mliozoea mashetani ya gizani, huko kiangazi giza hakuna. Jua linazama kidogo tu, kwa adabu, kisha linarudi, na usiku wa manane unaweza kuchungulia kisima ukaona chini. Kwa hiyo kilichokuja hakikuwa na mahali pa kujificha, na bado hakikuonekana. Kilisikika. Jumapili mchana mtu alikohoa nyuma ya ghala, kikohozi kizito cha mvuta kiko. Jumatatu ngazi za kibaraza zilikuwa na mchanga mwekundu, na mchanga mwekundu hapo kijijini uko makaburini tu. Jumanne jikoni palinuka lami ya msonobari na sufu mbichi, na chini ya harufu hizo kulikuwa na harufu ya udongo uliofukuliwa punde, na Bibi Hilja alikuwa ameketi amelipa dirisha kisogo, kahawa yake imepoa, mikono imeshikana mapajani.

"Bibi, unaumwa?"

"Siumwi."

Pihla akaimwaga ile kahawa, akammiminia nyingine.

Jumatano bibi alikwenda dukani. Pihla alikuwa uani anaanika nguo, jua kali, nyuki wamejaa kwenye maua, kila kitu kiko wazi mpaka ziwani, akasikia sauna inafanya *shaaa*, sauti ya mawe ya moto yakimwagiwa maji. Hakuna aliyewasha moto siku hiyo. Akabaki ameishika shuka mikononi. *Shaaa*, tena. Kisha mlango wa sauna ukasogea kama upana wa mkono, na sauti ya mwanamume, ya kawaida kabisa, ya mtu aliyechoka na kazi, ikaita:

"Hilja. Niletee taulo."

Naye, kwa malezi mema aliyopewa kwao, akajibu. "Bibi Hilja hayupo. Kaenda dukani."

Kisha kile kitu kikacheka chinichini.

"Acha mzaha, mke wangu. Nakuona."

Shuka ikamtoka mikononi. Alirudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagonga ukuta wa nyumba, macho yake kwenye ule upenyo wa mlango ambao ndani yake hamkuwa na kitu ila mvuke uliokuwa unatoka na kujikusanya mlangoni na kushuka ngazi taratibu, na pale uliposhuka majani yalilala, hapa yakilala, pale yakilala, kufuata mwendo wa nyayo pana zilizokuwa zinamjia bila haraka, kama zinavyokwenda nyayo za mtu anayejua kwamba uwanja ni wake na mwanamke aliyesimama ukutani ni wake pia. Harufu ya udongo ikamfikia usoni. Kitu baridi kikamgusa nywele, kikauchukua mkia wa nywele zake na kuupima uzito, kikauachia.

"Umezikata," sauti ikasema karibu na sikio. "Sikukuruhusu."

Bibi Hilja alimkuta amejifungia chooni. Hakumuuliza kulikoni. Alikaa chini kwenye sakafu ya ukumbi, upande wa pili wa mlango, na kwa mara ya kwanza tangu binti ahamie pale, akaanza yeye kusema.

"Mashine imefika kwenye kona?"

"Imefika, Bibi."

"Na mti?"

Pihla akalia. Alisema yote, utepe, upepo, nyaya za umeme, vitabu. "Nilidhani nafanya vizuri. Nisamehe."

"Ningekuambia," bibi akasema. "Niliona haya. Yale ni mambo ya kizamani, na wewe msomi. Nikaona ukinicheka nitakufa."

Akamsimulia kwa kunong'ona, akinyamaza kila ubao ulipolia juu ya dari. Mumewe, Eemeli, alikuwa mtu wa ngumi. Hapakuwa na mfupa wa Hilja asioujua. Alikufa msituni, gogo lilimwangukia, na Hilja akiwa bado mwanamke mbichi, nywele zinafika kiunoni. Siku ya kumzika jeneza lilisimamishwa kwenye ile kona, kati ya nyumba na kaburi, kama walivyofanya wazee wote wa pale. Wanaume wakafyeka matawi, wakachonga herufi za jina lake na mwaka aliokufa kwenye shina, wakanywa tone moja moja la pombe, wakaendelea na safari.

"Maiti hajui kuwa amekufa," bibi akasema. "Anaamka, anataka kwake. Anashika njia. Akifika kwenye mti anajisoma, anakumbuka, anarudi alikotoka. Eemeli alikuwa anakuja kila Jumamosi. Namsikia anakohoa pale konani. Anasoma, anarudi. Miaka arobaini na kitu, mwanangu. Nilishamzoea."

"Na sasa?"

"Sasa hakuna wa kumwambia. Anadhani ametoka kazini."

"Ananiita Hilja."

"Aliniacha nikiwa kama wewe. Anatafuta yule aliyemwacha. Mimi juzi nilikutana naye hapa ukumbini, nikasikia anasema, shikamoo mama. Mama mkwe wangu tulikuwa tunakaa naye humu humu. Ndiye mtu pekee duniani ambaye Eemeli alikuwa anamwogopa."

"Nitaondoka. Kesho asubuhi napanda basi."

"Atakufuata. Mimi nilitoroka mara mbili, na mara mbili alinipata, tena akiwa hai, ana miguu miwili tu."

Pihla akafungua mlango. Kizee kilikuwa kimekaa sakafuni na kapu lake la dukani, mikate ya mdalasini imo ndani, na uso wake haukuwa wa mtu anayelia. Ulikuwa wa mtu aliyekwisha kata shauri.

"Shina lake limekwenda kiwandani?"

"Bado. Liko kwenye rundo kando ya barabara. Lori linakuja Ijumaa."

"Nenda na chenso. Kata lile kovu, uniletee. Usiingie nalo ndani. Simama langoni."

Akaenda. Alilijua gogo kwa utomvu wake. Ule msumeno wa injini ulipiga kelele msitu mzima, na alipokwishabandua kipande cha kovu, kipana kama mlango wa kabati, alipiga magoti akautoa utomvu kwa kisu, donge baada ya donge, mpaka herufi zikajitokeza chini yake, E na K, na mwaka. Zilikuwa wazi kabisa. Siku ile angekwangua kidogo tu kwa kucha angeziona. Alizitukana kucha zake, akajitukana mwenyewe na vitabu vyake, akakibeba kipande begani na kurudi.

Jua lilikuwa limelala juu ya miti, jekundu, na uwanja wote uko kimya. Hata mbu hawakuwepo. Bibi Hilja alimsubiri ndani ya uzio wa zamani wa ng'ombe unaoizunguka nyumba, kwenye nguzo za lango. Alikuwa amevaa gauni jeusi la sufu lililopitwa na wakati na kitambaa kichwani, amekifunga mpaka chini ya kidevu kama vikongwe wa zamani. Mkononi ameshika nyundo na misumari.

"Nani yuko ndani?" Pihla akanong'ona.

"Yuko mezani. Ananisubiri nipakue." Akampitishia nyundo na misumari juu ya lango. "Kipigilie hapa kwenye nguzo. Maandishi yatazame ndani."

Pihla akatazama nguzo, akatazama nyumba. Alielewa taratibu, na alipoelewa alitamani asingeelewa. "Yakitazama ndani, atarudi ndani."

"Ndiyo. Alama humrudisha mtu alikotoka. Huyo sasa hatokei kaburini tena, anatokea humu nyumbani, kafika kwake. Basi akae kwake."

"Na wewe, Bibi? Toka. Twende wote."

"Nikitoka atakaa na nani? Atauvunja huo uzio." Bibi akamshika shavu, mkono wake una harufu ya viazi. "Usinilie. Nikiwa mke nilimwogopa miaka kumi na miwili. Sasa ananiona mama yake, na yeye ndiye anayeniogopa. Acha na mimi nionje."

"Kosa ni langu. Siwezi kukufungia."

"Unaweza. Piga msumari, kabla hajamaliza maziwa yake."

Mlango wa nyumba ukafunguka. Hapakutokea mtu, ila ubao wa kibaraza ulilia, na ile sauti ikaita, "Hilja," na ngazi ya kwanza ikalia, na ya pili, na majani ya uwanjani yakaanza kulala, nyayo kwa nyayo, kuelekea langoni, na bibi akapiga hatua kando na kuinamisha kichwa ili lisimguse lile linalopita, kisha akaelekea kibarazani, na Pihla, machozi yakimziba macho, nyundo ikimteleza, akapiga msumari wa kwanza ukapinda, akapiga wa pili, akapiga kidole chake, akapiga wa tatu na wa nne, na harufu ya udongo ikamjaa puani, na kitu kikapenya katikati ya mbao za lango na kuugusa mkia wa nywele zake.

Kikasita.

Alisikia pumzi. Alisikia mtu asiyejua kusoma vizuri akizitafuta herufi kwa sauti, moja, kisha nyingine, kisha tarakimu za mwaka, polepole, akirudia. Mkono baridi ukaziachia nywele.

"Hilja," sauti ikasema, na sasa haikuwa na ukali wowote, ilikuwa imepotea. "Hilja, wameandika nini hapa?"

Pihla alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili, damu ya kidole ikimwingia kinywani. Alitaka kujibu. Mungu amsamehe, alimwonea huruma.

Kutoka kibarazani ikaja sauti ya kikongwe, kavu, ya kuamrisha, ambayo binti hakuwahi kuisikia mdomoni mwa Bibi Hilja.

"Eemeli. Acha kuchezea lango. Vua viatu uingie, chakula kinapoa."

Majani yakalala upya, yakirudi yalikotoka.

"Ndiyo, mama," likajibu lile dume zima kwa sauti ya mtoto, na mlango ukafungwa kwa komeo, kutoka ndani.