Nilimwita Mwizi kwa Ajili ya Kipande cha Sita

Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na mmoja, fundi wa matairi pale Mikumi barabarani, mzaliwa wa Chanzuru, Kilosa. Sekondari nimeimaliza kwa masomo ya jioni, nikiwa tayari na ndevu na watoto watatu. Siku matokeo yalipotoka nilipiga kelele mpaka tembo wa mbugani wakahama! Nacheka ninapoandika hivi, lakini msidanganyike... Mwaka mzima sasa nameza chakula kama nameza changarawe.

Nilimchukia mtu, wasomaji wenzangu. Nilimchukia kama unavyomchukia nyoka uliyemkuta ndani ya kiatu. Na chanzo chake ni kitabu!

Kuna mwandishi mmoja wa riwaya za mambo ya zamani ambaye jina lake nalihifadhi. Ameandika vitabu saba vya mpagazi aitwaye Sengo, aliyebeba pembe za ndovu kutoka bara hadi pwani enzi za misafara. Jamani, yule mtu anajua kuandika! Ukimsoma, bega lako mwenyewe linauma. Sengo anapita kwenye milima yetu hii hii, anavuka Mkondoa hii hii tunayofulia nguo. Anaibiwa, anauzwa, anatoroka, na kila kitabu kinaishia mahali ambapo tonge la ugali haliwezi kushuka. Darasani tuliambiwa misafara ilipita hapa. Yeye ndiye aliyetuambia kwamba waliobeba ile mizigo walikuwa na majina, na mama zao walikuwa wakiwasubiri.

Tulikuwa wasomaji sita, na kitabu tulikuwa tunapata kimoja tu. Tungefanyaje? Yeremia, fundi viatu wa sokoni Kilosa, ndiye aliyetafuta njia. Kitabu kikifika anakipasua kwa kisu chake cha ngozi, vipande sita. Kila kipande anakishona kwa uzi wenye nta na kukitilia jalada la boksi. Ukimaliza cha kwanza unampa mwenzako, unachukua cha pili. Sheria ilikuwa moja tu: aliye mbele hamsimulii aliye nyuma. Ukisimulia umemuibia mwenzako.

Yeremia alikuwa rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Masomo ya jioni tulikaa dawati moja, tukichangia taa na kalamu. Mimi nilifaulu. Yeye... hakufaulu. Kumbukeni hapo.

Nyumbani Chanzuru alikuwepo baba yangu, dereva mstaafu wa malori ya miwa ya Kidodi, ambaye presha ya macho ilikuwa imemzimia dunia. Kila Jumamosi nilipotoka Mikumi nilimsomea Sengo. Akisikia Sengo amedhulumiwa anatukana kwa Kisagara mpaka kuku wanatoka nje. Vitabu sita tulivimaliza hivyo.

Kitabu cha saba, cha mwisho, kilifika wakati moyo wa baba umeanza kuchoka. Zamu ya kwanza ilikuwa ya Yeremia. Akaniambia chukua wewe, mzee asisubiri. Akanipisha! Mtu aliyekisubiri kitabu kile miaka miwili!

Nami nilimlipa nini?

Jumamosi moja nilipita kwenye kibanda chake, nimetoka kumsomea baba kipande cha tano. Kichwa kilikuwa kinachemka. Wateja walikuwa wamejaa, na mimi mkiniwekea watu watatu mbele yangu najiona nahutubia taifa. Nikaropoka kwamba Mlekwa, rafiki wa Sengo tangu kitabu cha kwanza, ndiye aliyemuuza Sengo siku zote! Nikaeleza na namna alivyomuuza, nikaongeza na machozi ambayo hata mwandishi hakuyaandika.

Yeremia alikuwa bado yuko kipande cha tatu. Na mtoto wake wa mwisho, wasomaji, alikuwa amempa jina la Mlekwa.

Watu wakaangua kicheko. Mwanamke mmoja mwenye ndoo ya maharage akamuuliza kama mtoto naye ameanza kuuza wenzake. Nikacheka pamoja nao... Mungu anisamehe, nilicheka kuwazidi wote.

Yeremia alishusha sindano.

"Cha sita nitakisoma mimi kwanza," akasema. "Zamu yangu nimeichukua tena."

Nilidhani ni hasira za siku moja. Nikarudi Mikumi. Katikati ya wiki dada yangu Anjela, aliyekuwa akimuuguza baba, akanipigia simu. Hospitalini wamesema mzee arudishwe akapumzike nyumbani. Sote tunajua maana ya maneno hayo. Halafu akasema baba anauliza jambo moja tu, asubuhi na jioni: Sengo atamkuta mama yake?

Basi, hilo tu! Mzee wangu hakudai nyama, hakudai nguo, hakudai padri. Alitaka kujua kama Sengo atafika nyumbani. Na jibu alikuwa nalo fundi viatu!

Nilimtumia Yeremia ujumbe. Kimya. Nikampigia, simu ikaita mpaka ikachoka. Ijumaa ile kila tairi nililolipiga nyundo lilikuwa na sura yake. Jumamosi nilishuka Kilosa nikaenda moja kwa moja kibandani, hata salamu sikutoa. Nikamwambia anipe kipande cha sita, baba yangu anakufa.

Aliendelea kushona. Akasema, bila kuinua macho, "Cha sita kimeshafika kinakotakiwa."

Mimi nikasikia kejeli. Nikaona mtu anayecheza na roho ya baba yangu! Nikamwita mwizi. Nikamwita mchawi. Soko zima lilisimama, hata muuza samaki aliacha kufukuza nzi. Na nilipoona anavuta uzi tu, nikachimba chini zaidi, nikatafuta pale nilipojua panauma. Nikamuuliza mtu aliyefeli mtihani wa watu wazima anataka kitabu cha nini, si akashone kandambili.

Akakata uzi kwa meno.

"Umemaliza?" akauliza. "Basi sogea, unaniziba mwanga."

Nilifika Chanzuru. Njiani nilikuwa nimeshaamua. Kipande cha tano nilikuwa nacho kwenye begi, na baba haoni. Jalada la boksi ni jalada la boksi.

"Shikamoo baba!" nikaingia kwa sauti ya harusi. "Nimekipata! Cha sita hiki hapa!"

Baba alikuwa ameegemea mto. Nilimwona Anjela akifungua mdomo, na baba akainua kidole kimoja kutoka kwenye shuka. Anjela akafunga mdomo, akainamia ungo wake wa mchele. Mimi, kipofu mwenye macho mawili, nikadhani mzee ana hamu tu.

"Marahaba," akasema baba. "Haya. Soma."

Nikasoma, yaani nikatunga! Nikawa nafunua kurasa za zamani huku nambebesha Sengo mambo mapya. Nikamfanya aue simba kumi na wawili, mmoja kwa kuni ya moto. Nikaifurisha Mkondoa hadi vilele vya minazi, ingawa Kilosa minazi ni ya kuhesabu. Nikamfikisha nyumbani, mama yake yuko mlangoni, anapika, sufuria inatoa mvuke. Sengo akatua mzigo, mama akamwambia mbona umechelewa, kaa ule.

Baba alicheka mpaka akakohoa. Akaniomba nirudie pale pa simba. Nikarudia, wakawa kumi na watano, na hakunisahihisha. Nilipomaliza alinyoosha mkono, akatafuta goti langu, akalishika.

"Leo mwandishi amejitahidi," akasema.

Jumanne alfajiri baba akafariki.

Tulipotoka kumzika, watu wakiwa bado wamekaa uani, Anjela aliniita chumbani. Alikuwa ameshatoa shuka na mto. Juu ya godoro tupu kulikuwa na kipande chenye jalada la boksi, kimeshonwa kwa uzi wa nta.

Cha sita.

Alinieleza taratibu, wala hakunigombeza, na hicho ndicho kilichoniua. Alhamisi Yeremia alifunga kibanda, akaja Chanzuru kwa baiskeli kumsomea baba kipande chote tangu saa nane mpaka jua likazama. Akakiacha chini ya mto, akasema huyu ndugu yangu akija atamsomea mzee tena, yeye anasoma vizuri kuliko mimi. Jumamosi baba alikuwa anangoja niingie ili anipe. Lakini niliingia tayari nimekishika...

Ningesema tu, baba, nimekikosa! Maneno mawili! Angeingiza mkono chini ya mto.

Nilikisoma siku hiyohiyo, nimekaa kwenye godoro lile. Sengo anafika. Nyumba imeanguka, maboga yametambaa juu ya udongo. Mama yake hayupo, alishazikwa, na jirani anampa kigoda alichokuwa akikalia akitazama njia. Ndivyo vitabu saba vinavyoisha. Baba yangu alikuwa anajua hilo Jumamosi yote. Alijua, na akaniacha niipike ile sufuria, akala chakula changu cha uongo mpaka mwisho ili nisiaibike!

Yeremia alikuwepo mazishini. Alishika jembe, akachimba kaburi la baba na wenzake. Nilimfuata jioni ile, alipokuwa ananawa mikono ili aondoke. Nilitaka kupiga magoti, lakini sikujua nianzie kwa lipi. Nikasema asante.

"Nilimpisha mzee," akasema. "Wewe sijakupisha."

Akapanda baiskeli yake.

Tangu siku hiyo kundi letu limekufa. Mwandishi wetu, nasikia, anaandika mfululizo mwingine, na sina wa kunipasulia kitabu. Kila mwezi nampelekea Yeremia kiatu, hata kisichoharibika, nakitoboa mwenyewe kwa msumari. Anakishona vizuri, ananirudishia, anamwita mteja anayefuata. Yule mtoto, Mlekwa, ndiye anayeniamkia shikamoo. Naitikia marahaba huku nikitazama chini.

Ndugu zangu mnaopenda vitabu, nawasihi. Mwenzako akiwa nyuma ya ukurasa wako, funga mdomo. Ukikosa kitu, sema umekikosa. Na usimtukane mtu mbele ya soko kwa udhaifu aliokuonyesha mkiwa dawati moja... Mimi nilifaulu mtihani ule. Cheti kiko ukutani, kina fremu. Chini yake nimekiweka kipande cha sita, na kila nikikitazama naona ule uzi wa nta, mishono midogo iliyonyooka, ya mtu aliyefeli.