Mkate wa Mabata

Kila alfajiri, kabla ya shule, Njiti aliingia kwenye chumba cha tanuri la baba yake nyuma ya nyumba, akazipaka trei mafuta. Wenzake walimpa jina hilo kwa wembamba wake. Yeye hakujali. Ndoto yake ilikuwa moja tu: awe mwoka mikate kama baba.

Tatizo lilikuwa tumbo. Lilijaa, likanguruma, likamkimbiza chooni katikati ya somo. Daktari alishuku ugonjwa wa siliaki, ambao humfanya mtu adhuriwe na ngano. Akaagiza apimwe damu, akasisitiza, "Mpaka siku ya kipimo, endelea kula mkate kama kawaida."

Njiti alirudi nyumbani roho juu. Wakiona ngano inamdhuru, si watamfukuza kwenye tanuri? Basi akajipigia hesabu zake mwenyewe: asipokula ngano, haitaonekana kwenye damu. Kwa majuma kadhaa, kila kipande cha mkate alichopewa kilitoka mlango wa nyuma na kuishia midomoni mwa mabata wa jirani.

Majibu yakaja. Daktari aliyasoma taratibu. "Kingamwili za siliaki ziko kawaida. Lakini damu yake ni pungufu, na hilo lina sababu. Nitafikiria, mrudi wiki ijayo."

Baba hakusikia zaidi ya neno kawaida. "Nilikuwa na aibu, jamani," alisema njiani. "Mwoka mikate, mkate wake unamuumiza mwanawe mwenyewe!" Jioni akamkatia Njiti kipande kinene na kukaa kumtazama akila. Njiti akala chote. Kesho yake darasani alijikunja kwenye dawati, na tumbo halikumpa nafasi hata ya kunakili ubaoni.

Tangu hapo hakutulia. Akikaa, anasimama. Na wale mabata, waliozoea vya bure, walijipanga mlangoni kila asubuhi wakipiga kelele.

"Hawa wanatudai nini?" baba aliuliza, akiwafukuza kwa ufagio.

Njiti alijifanya anatafuta kiatu.

Wiki iliyofuata daktari alianza kutaja magonjwa mengine. Huenda ni minyoo, huenda ni vidonda vya tumbo. Angempeleka hospitali kubwa akapimwe upya. Baba alikuwa akiitikia kwa kichwa, uso umemshuka, na Njiti alishindwa kumtazama.

"Daktari," alisema, "mkate sikuula. Niliwapa mabata."

Baba aligeuka polepole. "Ndiyo maana wanajipanga mlangoni," alisema.

"Niliogopa, baba. Nilijua mtanitoa kwenye tanuri."

Daktari alivuta kiti karibu. "Sikiliza, binti. Kipimo hiki hakitafuti ngano. Kinatafuta kingamwili, askari ambao mwili wako huwatoa ngano inapoingia. Ukiacha kula ngano, askari hupungua. Majibu yanakuja safi, na ugonjwa bado uko palepale. Tulikuwa tunaelekea kutafuta ugonjwa usiokuwepo."

Ikabidi ale mkate tena kwa majuma mengi, na tumbo likamlipiza. Safari hii hakulalamika. Damu ilipopimwa upya, kingamwili zilikuwa juu sana. Daktari bingwa akauchunguza utumbo wake mdogo na kuthibitisha: ni siliaki. Ngano ikakoma kabisa. Kidogo kidogo tumbo likatulia, na mashavu yakaanza kuonekana.

Alichoogopa kilitimia nusu tu. Kweli, vumbi la ngano lilimfungia mlango wa tanuri. Lakini baba alimtengea chumba kingine, chenye meza yake, chekecheo lake na jiko dogo, akamnunulia unga wa mchele na wa muhogo. Keki zake za kwanza zilipasuka na kuwa ngumu. Aliwatupia mabata, wakanusa, wakaenda zao. Baba alicheka mpaka akashika ukuta.

"Tutajaribu tena kesho," alisema, akifuta machozi. Kisha akaketi kando yake. "Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi sikutaka tufike huko, mama. Yale majibu ya kwanza yalinifurahisha, lakini hayakuwa yako. Yalikuwa ya mtoto asiyedhuriwa na mkate, na mimi mtoto huyo sina. Nina wewe. Ukiumwa, niambie unavyoumwa."

"Nitakuambia, baba," Njiti alisema, akavuta bakuli la unga karibu.