Fundi wa Fimbo Kutoka Kitwe

"Simama wima, binti. Mikono iache ining'inie yenyewe, kama nguo kwenye kamba."

Nikasimama. Mikono ikakataa kuning'inia. Ikajikunja kwa aibu, kama kawaida yangu.

"Unaogopa nini? Nakupima tu, sikukamati," akasema yule mzee, akacheka peke yake.

Pale klabuni kila mtu alimwita Ba Andy, kama Wazambia walivyomzoea huko Kitwe alikotumia maisha yake kutengeneza fimbo za gofu. Sasa alikuwa amestaafu na kurudi nyumbani, na siku ile alikuja Mbozi kwenye kiwanja chetu cha shamba la kahawa. Kiwanja chenyewe kina mashimo tisa, na pale ambapo wenzetu wana nyasi laini kuzunguka shimo, sisi tuna mchanga uliochanganywa na oili chafu.

Mimi nilikuwa mwonja kahawa wa shamba lile, nimetoka chuo mwaka mmoja tu kabla ya hapo. Gofu nilijifunza kwa fimbo alizoacha meneja mmoja mzungu, mrefu kama nguzo ya simu. Lakini mchezo wangu ulikuwa unakua. Mwaka huo, 2011, nilichaguliwa kwenda Ndola kwenye mashindano ya wanawake, na kila mtu akasema fimbo ndizo zinazonirudisha nyuma.

Mchumba wangu Lusubilo, aliyekuwa akitoa mizigo forodhani Tunduma, ndiye aliyenitafutia fundi.

"Ni zawadi yangu ya harusi, Feri," aliniambia. "Wewe nenda pale ghalani, fundi atakupima. Usiulize maswali."

Sikuuliza. Mimi si mtu wa kuuliza.

Ba Andy alipima kutoka kifundo cha mkono wangu hadi sakafuni. Akabandika utepe mweusi chini ya kichwa cha fimbo ya yule mzungu, akaweka ubao mbele yangu na mpira juu yake.

"Piga, mukwai," akasema, kwa neno la heshima la Kizambia.

Nikapiga. Mpira ukaingia kwenye wavu tulioutundika, upande wa kushoto kama siku zote. Akageuza fimbo, akanionyesha utepe. Ulikuwa umekwaruzika upande mmoja tu.

"Unaona? Inagusa ubao kisiginoni, ncha iko hewani. Ndefu mno kwako hii. Ndiyo maana mpira unakimbilia kushoto. Na wewe ulidhani kosa la nani?"

"Langu."

"Umeomba radhi mara ngapi kwa kosa la chuma?"

Nikacheka. Sikumbuki kama niliwahi kucheka mbele ya mtu mzima nisiyemjua.

"Ukipiga, panauma wapi?"

"Hapa. Chini ya kidole gumba."

"Hukumwambia mtu?"

"Hakuna aliyeuliza."

Akatikisa kichwa. "Basi hata mumeo wa forodha hakuulizi? Rosemary, mwambie naye ajifunze kuuliza."

Nikataka kumwambia kwamba sijaolewa, na kwamba siitwi Rosemary, naitwa Ferista. Lakini kumsahihisha mzee wa watu niliona haya. Nikadhani amechanganya wateja. Nikaacha ipite.

Akaushika mkono wangu, akafungua kiganja, akakunja vidole vyangu kimoja kimoja kwenye mshikio wa fimbo fupi aliyokuja nayo. Mara mlango wa ghala ukafunguka.

"Shangazi, nilisema usubiri garini!" Ilikuwa sauti ya Lusubilo.

"Nina kiu! Nikae garini kama gunia la mahindi?"

Aliyesimama mlangoni alikuwa Shangazi Anyelwisye, dada wa baba yake Lusubilo, mwanamke aliyeleta posa yetu na kuipigania mahari. Alikuwa ameomba lifti kutoka Itumba aende Vwawa kununua vitenge vya harusi. Alituangalia mimi na mzee. Akaangalia mikono.

"Andongwisye!" Akapiga ukunga. "Kaka yangu, umeshika nini hicho?"

"Mteja," akajibu Ba Andy. "Mke wa mtu wa forodha."

"Mteja! Huyo ni mkwe wako! Huyo ndiye Ferista wa Lusubilo!"

Mkono wangu ukaachwa kama chuma cha moto.

Kwetu Wandali, posa ikishapokelewa, binti hamwoni tena baba wa mchumba wake. Hapishani naye njiani, hatamki jina lake, hasemi akasikiwa naye. Hata Lusubilo alipotaka kunionyesha picha ya baba yake kwenye simu, niliziba macho kwa viganja. Ndiyo maana sikumjua. Heshima yangu kwake ndiyo iliyonifanya nisimame mbele yake, tena nimevaa suruali.

Mzee alijifunika uso kwa kofia. Mlangoni alikuwapo dada yake, na ili apite angelazimika kupita karibu nami. Basi akaparamia dirisha, na umri wote ule, akaangukia kwenye magunia ya maganda ya kahawa. Mimi nilijibanza nyuma ya mfuko wa fimbo.

"Lusubilo," Shangazi akasema taratibu sana. "Wewe ulijua?"

Lusubilo akachezea funguo za gari.

"Nakuuliza, ulijua?"

"Nilijua, Shangazi. Hakuna fundi mwingine upande huu wa mpaka. Ningefanyaje? Nikamwambia Baba ni Rosemary, mke wa rafiki yangu wa forodha. Nilidhani vipimo ni vya nusu saa, halafu basi."

Nikamtazama. Aliona ninavyomtazama, akainamisha kichwa.

Siku zilizofuata simu yangu haikutulia kwa meseji za Lusubilo.

"Feri pokea simu."

"Feri nakuomba, nilitaka ushinde Ndola tu. Wewe mwenyewe unajua nakupenda."

"Usiponijibu nitakuja hapo shambani nilale getini."

Hakuja. Shangazi alimkataza. Mimi nilikuwa nimeshakimbilia nyumbani kwetu Vwawa, na mama alipika, akaosha vyombo, akafagia, akilisema jambo lile lile.

"Na suruali! Mwanangu, angalau ungevaa sketi."

"Mama, sikujua."

"Najua hukujua. Lakini suruali uliijua."

Baba alisema neno moja tu: "Wanakuja Jumamosi kuzungumza." Nilimwuliza kuzungumza nini. Akachukua redio yake akaenda nje. Kila mtu alikuwa na la kuamua juu yangu, na mimi sikujua hata nianze kumchukia nani. Nilijaribu kumchukia Lusubilo. Nikifumba macho nilimwona akinishikia mwavuli kwenye kiwanja, akihesabu mapigo yangu kwa sauti kama mtoto anayejifunza namba, na chuki ilikuwa haishiki.

Jumamosi walikuja. Mimi nilifungiwa chumbani. Shangazi na Lusubilo waliketi sebuleni na wazazi wangu. Ba Andy hakuweza kuingia nyumba niliyomo, kwa hiyo alipewa kigoda uani, akakaa ameupa ukuta mgongo, karibu na dirisha la sebule. Kupitia mlango nilisikia kila kitu.

"Mimi sifichi," Shangazi akaanza. "Jambo limeharibika. Mkwe ameshikwa mikono na baba mkwe. Posa irudi, tusije tukaleta balaa kwenye ukoo."

"Na sisi tutasema nini mtaani?" mama akauliza. "Kwamba binti yetu karudishwa kwa sababu ya gofu?"

"Semeni ugonjwa."

"Ugonjwa gani? Wa fimbo?"

Hakuna aliyecheka. Kisha sauti ikatoka uani, ya mtu anayejifanya anaongea na kuku.

"Mimi nimeshika mikono ya mchezaji. Mkwe wangu sijapata kumwona."

"Kaka, usianze maneno ya Kitwe hapa."

"Sura yake siijui, Anyelwisye. Niapishe. Katika kazi yangu sitazami uso wa mtu, natazama vifundo na vidole. Mtu yule akipita sokoni simtambui."

"Lakini mikono yake unaijua!"

"Hiyo ndiyo aibu yangu, na nitailipia ng'ombe kwa mikono miwili. Lakini hebu nijibuni. Mwanangu kanidanganya mimi baba yake, na kamdanganya mwenzake. Nyie mmekaa hapo mnaamua posa irudi au isirudi. Yupo aliyemuuliza yule mtoto anataka nini?"

Nilisikia baba akikohoa.

"Basi aulizwe," akasema yule mzee.

Shangazi akaingia chumbani, akafunga mlango, akaketi kitandani kwangu. Kwa karibu hakuwa mkali kama nilivyomzoea. Alikuwa amechoka.

"Haya, mwanangu. Ninong'oneze. Nitapeleka."

Nikasogea karibu na sikio lake.

"Nampenda, Shangazi."

"Sawa. Nikawaambie?"

"Subiri. Nampenda, lakini ninamwogopa. Alinipeleka mbele ya baba yake huku anatabasamu. Kesho akiona jambo lingine ni zuri kwangu, atanipeleka wapi?"

Shangazi akainuka. "Hilo siwezi kulipeleka mimi," akasema. Akafungua mlango kidogo. "Lusubilo! Njoo upige magoti hapa. Usiingie."

Akaja. Kwenye ufa wa mlango niliona magoti yake na mikono yake tu.

"Feri."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa."

"Ndiyo. Ningekataa."

"Ungeenda Ndola na vyuma vya yule mzungu, ukarudi mkono umevimba. Nilishindwa kukuangalia unaumia."

"Lakini hukuniuliza kama naumia. Ulimtuma baba yako aje aulize."

Mikono yake ikashika kizingiti.

"Feri, nilitaka kukusaidia tu..."

"Ingekuwa shida yangu, Lusu! Yangu! Mila ni yangu, mkono ni wangu, aibu ni yangu! Ungeniambia nikachagua mwenyewe kuumia!"

Sijui sauti ile niliitoa wapi. Ilipita mlango, ikapita sebule, ikatoka uani. Nikakumbuka nani amekaa kule nje, nikajiziba mdomo kwa mikono miwili.

"Yesu wangu," Shangazi akanong'ona. "Na sauti nayo kaisikia."

Tukasubiri. Hata kuku walikuwa kimya.

"Mbona mmenyamaza?" Ba Andy akauliza kutoka nje. "Endeleeni. Masikio yangu yaliharibiwa na mashine za Kitwe, mimi sisikii kitu tangu asubuhi."

Mama ndiye aliyeanza kucheka, akajaribu kukizuia kicheko kwa upande wa kanga. Baba akafuata. Shangazi akaniangalia, midomo imebana, halafu mabega yake yakaanza kucheza. Mimi nilikuwa nalia.

Lusubilo alikuwa bado amepiga magoti.

"Baba," akasema kwa sauti ya kusikika uani, "nimekukosea. Nilikudanganya." Kisha akashusha sauti. "Na wewe Ferista nimekukosea zaidi. Sitakuamulia tena. Ukitaka posa irudi, nitaibeba mwenyewe hadi Itumba, na sitamlaumu mtu."

Wote walikuwa wakinisubiri mimi. Nilitamani mtu mwingine ajibu. Hakuwapo.

"Isirudi," nikanong'ona.

Shangazi akatoka akawatangazia kana kwamba ni neno lake. Halafu akapanga masharti. Ng'ombe mmoja wa kusafisha aibu. Mzee asikanyage nyumba yetu, na nyumba yake kule Itumba tuipite kwa mbali. Nikiwa mjamzito wasinitaje mbele yake. Nikijifungua, mtoto apelekwe kwake na watu wengine. Ba Andy alikubali kila moja kwa "ee mukwai". Mtu aliyekaa Kitwe maisha yake yote, akarudi ili aishi karibu na mwanawe, sasa alikuwa akisogezwa mbali kwa ajili yangu, na mimi sikuwa na ruhusa hata ya kumwambia pole.

Fimbo alizimalizia bila kuniona nikipiga tena. Alimpa Lusubilo, na Lusubilo akanikabidhi bila neno la maelezo, ila swali moja: "Nikae nikuangalie au niondoke?" Nikamwambia akae. Ndola sikushinda. Nilikuwa wa nne, na mkono haukuuma.

Tulifunga ndoa Agosti, kanisani Itumba. Tulipotoka, wanawake wa ukoo walinizunguka kwa vitenge kunificha, kwa sababu njia ya kwenda ukumbini ilipita karibu na alipokuwa amesimama baba mkwe. Nilisikia mtu akisema, "Geuka, mzee, bibi harusi anapita."

Kitenge kimoja kilishuka kidogo. Nikamwona. Alikuwa amegeukia ukuta wa kanisa, kofia mkononi, kichwa kimeinama, na mgongo wake ulikuwa unatikisika. Nilipunguza mwendo. Shangazi akanisukuma kiunoni.

"Twende, usitazame."

Mpaka leo sijajua kama alikuwa anacheka au analia.