Gesi Inayotambaa Sakafuni

Kila Jumamosi asubuhi Mdomo alifagia karakana ya mjomba wake, karakana ya magari yanayotumia gesi asilia. Jina hilo alibandikwa na shangazi zake kwa kuwa tangu utotoni hakujua kumeza neno. Fundi alikuwa mama yake. Gari likiegeshwa juu ya shimo, mama hushuka chini kulikagua tumbo, naye Mdomo humpa spana.

Siku hiyo dereva mmoja wa teksi alileta gari linalotumia gesi ya mitungi, ileile ya kupikia, akaliegesha juu ya shimo.

"Tangi langu dogo, jepesi," alijigamba. "Nyie na gesi yenu asilia mnabeba mitungi mizito mpaka buti halina nafasi ya begi."

"Yetu ikivuja inapaa zake, basi," mjomba alimjibu.

Harufu ya gesi ilianza kusikika kutoka kwenye teksi. Mjomba akafungua madirisha ya juu, akatupia jicho kipimo cha gesi alichokitundika darini tangu afungue karakana. Kilikuwa kimya.

"Kuko salama. Dada, shuka na taa."

Mdomo alitupa ufagio, akasimama mbele ya ngazi ya shimo.

"Mama hashuki."

"Toka hapo, mtoto."

"Sitoki, mjomba. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Muuza mitungi alituambia nyumbani kwamba ikivuja inatambaa sakafuni. Sasa imejaa humu shimoni, na kipimo chako kiko darini."

Dereva akaangua kicheko. "Kumbe karakana hii inaendeshwa na watoto wa shule."

"Mjomba, nipige ukitaka," Mdomo alisema. "Lakini kishushe kwanza."

Machozi yalimlengalenga, ila hakusogea hata unyayo. Mjomba, amefura kwa hasira, alikitungua kipimo ili amwumbue. Akakifunga kamba, akakiteremsha shimoni. Hakijafika hata nusu, kikaanza kupiga kelele.

"Asiguse mtu swichi, cheche moja inatosha kutulipua," mama alisema.

Dereva alifunga koki ya tangi bila ubishi wowote. Wakafungua milango yote, wakatoka nje kusubiri shimo lipate hewa. Mjomba aliketi juu ya tairi kuukuu.

"Dada, miaka kumi na minane ya kazi, na leo nilitaka kukuua. Nimeizoea gesi moja, nikadhani nazijua zote."

"Samahani, mjomba, nimekujibu mbele ya mgeni," Mdomo alisema.

"Usiombe radhi," mama alimkatiza, akamvuta karibu. "Kumwamkia mkubwa wako na kumpokea mzigo ni adabu. Kumwambia anapokosea ni adabu pia, hata akikukasirikia. Leo ungekuwa na adabu ya kunyamaza tu, mwanangu, saa hizi mngekuwa mnanitafutia sanda."