Taa Haiwaki Bila Kidole

Jua lilikuwa linazama Mke Mpya alipoingia dukani kwa fundi umeme kuchagua mfumo wa taa. Nyumba ilikuwa kwenye ukarabati. Mke Mpya ndilo jina alilopewa na mtaa, ingawa ndoa ilikwisha kuota ndevu. Mtaa ukikubatiza jina, utazikwa nalo.

Fundi akamwekea mifumo miwili mezani.

"Huu usio na waya ni rahisi, shemeji, hatupasui kuta. Ila huweza kuingiliana na wa jirani. Taa ikijiwakia, mnaanza kutafutana uchawi."

"Na huu?"

"Huu kila kitufe kina waya wake mpaka kwenye kisanduku. Bila kidole, taa haiwaki."

Hapo roho yake ikatua. Maana nyumbani kwake taa zilikuwa zikijiwakia kila magharibi. Jikoni. Koridoni. Barazani. Wifi yake, dada wa mume, mwanamke mwenye ulimi wa wembe, hakuchoka kusema kwamba marehemu mke wa kwanza, yule mshonaji, aliwasha hivyo hivyo kumpokea mumewe. Mke Mpya akasema ni waya zilizochakaa. Wifi akacheka kwa pua. Mke Mpya akapandwa na hasira, akaapa mbele ya mume: waya mpya zikiingia na taa zikajiwakia tena, atafungasha aondoke.

"Nimeyasikia, wifi," alijibu dada wa mume. "Bahati nzuri sanduku lako lina magurudumu."

Basi akachagua wa waya. Kuta zikapasuliwa, waya zikalazwa, plasta ikarudishwa. Jioni ya kumaliza, fundi alikuwa amesimama mbele ya kisanduku kando ya mlango wa jikoni, na Mke Mpya anapanga vikombe kwenye sinia. Mume na wifi walikuwa njiani, waje washuhudie.

Giza likaanza kunyemelea.

Tk.

Jikoni kukawa kweupe.

"Umejaribu, fundi?"

"Sijagusa kitu."

Tk. Korido.

Ikaja harufu... nyepesi, ya mafuta ya cherehani. Fundi akainama kwenye kisanduku. Kitaa kidogo chekundu kilikuwa kinawaka.

"Kuna mtu kabonyeza chumba cha mwisho," akanong'ona.

Chumba cha mwisho ndicho alichoshonea marehemu. Ndicho alichofia.

"Mle hamna mtu."

"Najua, shemeji." Akatafuta waya kwa vidole. "Hata kitufe sijafunga. Nimeacha waya tu, nikauziba kwa plasta."

Akauchomoa waya wa chumba kile kwenye kisanduku. Akaushika mkononi, ncha inaning'inia.

Kitaa hakikuzimika.

Kule mwisho wa korido, nyuma ya mlango uliofungwa, kitu kikaanza kuzunguka. Taratibu... taratibu... kama gurudumu la cherehani linalotafuta mguu.

Tk. Baraza.

Fundi hakuaga. Alipita mlango wa nyuma, na ngazi yake hadi leo hajaifuata.

Hapohapo geti likalia. Mume akaingia na dada yake, uso umemchanua.

"Mke wangu, leo umeniwashia mpaka barazani. Asante."

 Wifi alimtazama Mke Mpya, kisha akatazama taa.

"Nani kawasha?" akauliza polepole.

Mke Mpya alikuwa amesimama koridoni, sinia mikononi. Akaliona sanduku lake na magurudumu yake. Akaiona ndoa yake inalifuata nyuma.

"Mimi," akasema.

Tk.

Taa iliyo juu ya kichwa chake ikazimika. Hiyo moja tu.

Vikombe vikagongana. Mume akacheka, akadhani ni utani. Wifi akasogea mpaka sikioni.

"Mikono yote iko kwenye sinia, wifi. Hiyo umeizima na nini?"

Wifi hakumsema kwa kaka yake. Tangu jioni ile haingii tena ndani, huishia getini. Na Mke Mpya hakufungasha. Lakini magharibi ikiingia, hagusi kitufe hata kimoja. Husimama gizani jikoni, kichwa ameinamisha, kama mgeni anayengoja kukaribishwa.

Tk.

"Ahsante, dada," husema, uso ukielekea chumba cha mwisho.

Akisahau kusema, usiku kucha cherehani hushona.