Si Mimi, Ni Paka!

Nakunda aliishi mlimani, kule Usangi. Aliishi na Baba, Mama, na paka mmoja mnene. Paka aliitwa Bosi.

Baba alikuwa na masharubu makubwa na tumbo kubwa. Lakini kukiri kosa? Thubutu!

Chungu kikivunjika, pwaa! Baba husema: "Si mimi! Ni paka!"

Wageni wakae sebuleni, mara kitu kilie, puuuu! Wote wanaziba pua. Baba husema: "Si mimi! Ni paka!"

Bosi humtazama tu.

Siku moja Mama alipika vitumbua. "Bibi anakuja jioni," alisema. "Asiguse mtu!" Akaenda kuchota maji.

Baba akagusa kimoja. Nyam. Akagusa kingine. Nyam, nyam. Bakuli likabaki tupu.

Mama akarudi. "Nani amekula vitumbua?"

Baba akafuta masharubu haraka haraka. "Si mimi! Ni paka!"

"Nimechoka na paka huyu!" akafoka Mama. "Leo anahamia kwa jirani!" Akamtia Bosi kikapuni, akashika njia.

Nyaaau!

Nakunda akalia. "Baba, Bosi hali vitumbua. Anakula dagaa."

Baba akatazama dari.

"Baba, ni nani basi?"

Baba akatazama viatu vyake.

 Nakunda akaketi chini, akakumbatia kisahani cha Bosi. Baba akamwona. Moyo ukamuuma kuliko tumbo lililojaa vitumbua.

Akatoka mbio na kiatu kimoja. Tumbo likaruka, bwi! bwi! bwi! Nakunda nyuma yake.

"Mama Nakunda, subiri! Si paka! Ni... ni... ni mbuzi!"

"Mbuzi gani?" akauliza Mama.

"Ni... ni kuku!"

Nakunda akamshika mkono. "Sema tu, Baba. Haiumi."

Baba akafumba macho. "NI MIMI!"

"Umekula vyote?"

"Vyote. Na chungu, ni mimi. Na ule... ule mlio wa sebuleni, ni mimi."

"Huo tulijua," akasema Mama. Akafungua kikapu. "Haya. Sasa utapika wewe."

Baba akapika. Chaaa! Moshi ukajaa jikoni.

Bibi akafika. Akatafuna kitumbua. Kraa!

"Nani ameunguza vitumbua hivi?"

Baba akamtazama paka. Paka akamtazama Baba.

"Ni mimi, mama," akasema Baba.

"Haya, lete kingine," akasema Bibi.

Wakati wa kulala ukafika. Baba akapiga magoti mbele ya Bosi. "Samahani, Bosi," akanong'ona.

"Kwa sauti, Baba," akasema Nakunda kitandani. "Ana masikio madogo."

"SAMAHANI, BOSI!"

Bosi akapiga mwayo. Akamtazama Baba tena, akafikiri kidogo.

Baba akajilaza kwenye mkeka. Bosi akampanda tumboni, akajikunja, akalala. Mrrr, mrrr, mrrr.

Nakunda naye akalala.

Na Baba? Hakuthubutu hata kujigeuza.