Herufi Mbili za Toralin

Hakuna kilichopatikana.

Maneno mawili tu kwenye kioo cha kompyuta ya maktaba ya chuo, lakini yalimkausha Kimya mate.

Akafuta. Akaandika tena jina la dawa, herufi moja moja, kama mtu anayevuka daraja bovu. TORALIN. Akabonyeza Tafuta.

Hakuna kilichopatikana.

Saa ya Casio mkononi ilisoma saa tano na dakika saba asubuhi.

"Mjomba," alinong'onea kipaza sauti kilichoshonwa ndani ya kola ya sare yake ya usafi. "Utafiti haumo."

"Umo," mkuu wake wa upelelezi akamjibu sikioni. "Tafuta."

"Nimetafuta mara tatu."

"Saa sita kamili watoto arobaini na wawili wanachomwa sindano ya hiyo dawa. Daktari mkuu wa hospitali anasema bila karatasi ya vipimo hasimamishi kitu. Wenye mzigo wa dawa wana mihuri yote. Sisi tuna nini?"

Walichokuwa nacho ni mwanafunzi mmoja wa famasia, aliyelala bila fahamu tangu juzi. Binti huyo alipima Toralin kwa ajili ya utafiti wake wa mwaka wa mwisho, akakuta ndani yake maji ya kusafishia mitambo. Magendo kutoka nje, yamefungwa vizuri kama dawa. Na Kimya mwenyewe ndiye aliyemshauri auweke utafiti ule maktaba, katikati ya tafiti elfu nane za wenzake, bila jina lake.

"Nimeuandikisha kwa jina la dawa, dada," binti alimwambia kwenye simu.

Dakika kumi baadaye gari likamgonga. Halikusimama.

"Jambo jingine," Mjomba alisema. "Usigeuke. Fundi mpya wa kompyuta, yule mwenye miwani kwenye meza ya maelezo. Si fundi. Picha yake tumeipata sasa hivi. Kila kinachoandikwa kwenye mashine za ukumbi huo anakisoma kwake."

Kumbe Kimya alikuwa akimwandikia mtu huyo muda wote. Mara tatu.

Akachukua mopu, akaanza kupiga deki kuelekea ofisi ya nyuma. Huyo Miwani alimtazama. Hakukunja uso. Alitabasamu, na tabasamu lile ndilo lililomtisha zaidi.

Ofisini alikaa mwandikishaji, mama mnene mwenye kicheko cha karibu, ambaye kila utafiti ulipita mikononi mwake kabla ya kuingizwa kwenye mashine.

"Kalibu, binti. Reo umecherewa, vumbi ritaniua."

"Nisamehe, mama. Naomba uniazime kompyuta yako kidogo."

"Ipi? Fundi yure mpya kaichukua asubuhi. Nimekaa hapa kama sanamu."

Kimya akaendelea kupiga deki. "Kuna mwanafunzi ananiuliza utafiti wa Toralin. Anasema hauonekani."

"Tolarin? Mbona niriuingiza mwenyewe Arhamisi!" Mama akacheka. "Hizo helufi mbiri na mimi hatuongei tangu dalasa ra kwanza. Mkuu wa maktaba amechoka kunisahihisha."

Kimya akasimama pale pale.

Tolarin. Penye r mama ameweka l, penye l ameweka r. Mwanadamu angesikia akaelewa. Mashine haikisii, usipoiandikia kama ilivyoandikiwa, inakukana mchana kweupe. Miwani naye bila shaka alikuwa ametafuta siku tatu kwa tahajia safi, akapata patupu.

Lakini neno likishaandikwa ukumbini, atalisoma. Na kidole chake ndicho chenye ruhusa ya kufuta.

"Mama, nakushukuru sana."

"Kwa ripi?"

Kimya alikuwa keshatoka.

Saa tano na nusu. Alikaa mbele ya mashine, akaandika: majarida ya famasia. Akafungua jibu la mwisho. Ghala la chini, rafu ya arobaini. Akalinakili kwenye karatasi, akatazama huku na huku kama mwizi wa kuku, akaondoka haraka. Woga wake hakuhitaji kuuigiza.

Akashuka ngazi, akajibanza nyuma ya mlango wa choo. Alihesabu pumzi. Moja. Mbili. Tano.

Viatu vikapita. Taratibu, bila haraka, vikielekea ghalani.

Akapanda mbio.

TOLARIN. Tafuta.

Kimepatikana kimoja.

Kurasa tisini na vipimo vyote. Alibonyeza Tuma kwa barua pepe, akaandika anwani ya Mjomba. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa. Asilimia kumi. Ishirini na mbili. Mtandao wa maktaba ulienda kama mgonjwa. Arobaini. Arobaini. Bado arobaini.

"Tembea basi, baba," aliisihi mashine.

Themanini na moja.

Kitu cha baridi kikagusa shingo yake.

"Umenitembeza bure, dada," Miwani alisema, chinichini, kwa adabu. "Toa mkono. Ukipiga kelele, huyo mwanafunzi wa kwanza hapo mbele anatangulia."

Kimya akatoa mkono. Miwani akainama juu ya bega lake, kidole kikitafuta Futa.

Kiti kilikuwa na magurudumu.

Kimya akasukuma meza kwa miguu yote miwili. Kiti kikamvaa Miwani magotini, bastola yake, Beretta, ikamtoka, ikateleza chini ya rafu. Kabla hajainuka, kamusi ya kurasa elfu moja ilitua kisogoni mwake.

Mara moja ilitosha.

"Jamani!" mwanafunzi mmoja akalalamika bila kuinua kichwa. "Watu tunasoma!"

"Samahani," Kimya akanong'ona.

Kiooni: Imetumwa.

"Mjomba?"

Akaivuta kola karibu na mdomo.

"Mjomba, nijibu."

"Umefika. Daktari mkuu anausoma." Sauti ikakatika, ikarudi. "Sindano zinakusanywa, wodi zote. Polisi wamefunga ghala la dawa, wenye mzigo wamo ndani."

Saa tano na dakika hamsini na nne.

"Na binti?"

"Bado hajaamka."

Wanaume wawili wa Mjomba, waliovaa kiraia, walimnyanyua Miwani kama mlevi wa arusini. Kimya akaokota Beretta, akaitia mkobani chini ya vitambaa vya kufutia vumbi, akatembea kwenda mlangoni.

"Mkoba," mlinzi akasema.

Akaufungua. Mlinzi akachungulia, akapekua kitambaa cha juu.

"Hujabeba kitabu chetu?"

"Sijabeba."

"Mbona mkono unatetemeka, dada? Homa?"

"Njaa, kaka."

"Pita, ukale."

Kimya akapita.